Mpiga Ngao: Asili ya Neno Moja la Kiingereza

Yako maneno ambayo humdanganya msomaji kwa mkia wake. Mwanafunzi akikuta katika kitabu cha Kiingereza neno "swashbuckler", atatazama mwisho wake, ataona silabi ile ile iliyomo katika "teacher", yaani mwalimu, na katika "farmer", yaani mkulima, na mara atakata shauri kwamba neno hili nalo limetokana na kitenzi, na kwamba lamtaja mtu atendaye tendo hilo. Akiulizwa tendo lenyewe ni lipi, atajibu kuwa ni "swashbuckle". Kamusi za leo zitamwunga mkono, maana kitenzi hicho kimo ndani yake. Walakini kitenzi hicho ni mtoto aliyejifanya baba. Jina lilikuwa likiandikwa tangu mwaka 1560 hivi. Kitenzi hakikuonekana mpaka mwishoni mwa karne ya 19. Zaidi ya miaka 300 jina liliishi bila ya kitenzi, wala halikukihitaji.

Neno hili si la kila siku. Hulisikii sokoni wala ofisini. Hukutwa katika hadithi za maharamia na za walinzi wa wafalme, na katika makala za magazeti juu ya filamu za mapanga. Maana yake ya sasa ni mtu hodari, mchangamfu, mwenye mbwembwe, ajitupaye hatarini huku akicheka na upanga mkononi. Wakati mwingine mfanyabiashara au mwanasiasa ajasiriye mambo makubwa bila ya kuomba ruhusa huitwa hivyo pia. Kwa hiyo leo ni sifa, au ni jirani wa sifa. Lilipozaliwa lilikuwa tusi. Nadhani mtu asiyejua jinsi tusi hili lilivyogeuka kuwa sifa hawezi kuvisoma sawasawa vitabu vya Kiingereza vya zama za Malkia Elizabeth I, kwa sababu atamwona shujaa mahali ambapo mwandishi alimweka mwoga.

Na tulikate neno mahali linapostahili kukatwa. Kisu kisipite kabla ya silabi ya mwisho, bali kipite katikati. Upande mmoja litabaki "swash", upande wa pili litabaki "buckler". Ile silabi ya mwisho iliyotudanganya si alama ya mtenda. Ni sehemu ya jina la kitu, na kitu chenyewe ni ngao.

Isidhaniwe kuwa ni ngao kama ile ya Wamasai, ndefu, ya ngozi ya nyati, imfunikayo mtu nusu ya mwili. "Buckler" ilikuwa ngao ndogo ya mviringo, upana wake kadiri ya sentimeta 20 hadi 45 tu, ya kushikwa kwa ngumi. Msomaji aliyepata kuitazama razha ya Waarabu wa Omani, mchezo wa panga na vingao vidogo, ana picha yake karibu. Katikati palikuwa na kinundu cha chuma cha kuukinga mkono, na hicho kinundu ndicho kilichoipa ngao jina. Waingereza walilipokea jina hilo kwa Wafaransa wa kale, ambao kwao "boucle" ilikuwa kinundu cha ngao. Wafaransa nao walilipata katika Kilatini, katika neno "buccula", ambalo maana yake ni shavu dogo. Warumi waliliita hivyo pande la kofia ya chuma lililofunika shavu la askari. Kwa hiyo ngao ile, tukiifuata mpaka kwenye chimbuko lake, ni shavu lililotuna. Katika shavu hilo hilo limetoka "buckle", yaani bizimu la mkanda, na katika mzazi wake, "bucca", limetoka neno la Kifaransa la leo la kinywa. Ni ukoo wa ajabu: kinywa, bizimu na ngao ni ndugu wa damu, lakini wakikutana njiani hawajuani.

Sehemu ya kwanza ya neno haina ukoo mrefu. "Swash" ni mwigo wa sauti, kama vile sisi tusemavyo "chubwi" kitu kianguapo majini au "pwaa" kitu kianguapo chini. Ni sauti ya pigo lenye kishindo, au ya maji yanayogonga na kurudi. Kutoka kwenye sauti likawa tendo: kupiga kwa kishindo.

Tuunge sasa. Tupige kwa kishindo, na kipigwacho ni ngao. Huyu mtu ni mpiga ngao. Wengine husema alikuwa akipiga ngao yake mwenyewe kwa upanga ili kuwatisha watu. Wengine husema alipiga ngao ya mshindani wake. Kwangu mimi tofauti hiyo si kubwa kama inavyodhaniwa. Katika habari zote mbili upanga hauendi kwenye mwili wa adui. Unaishia kwenye chuma, nacho chuma kinalia, na watu wanageuka kutazama. Sumu ya tusi imo humo: hapa yupo mwenye silaha ambaye kazi ya silaha yake ni kelele.

Kiswahili kina neno lililojengwa karibu vivyo hivyo, nalo ni mpiga debe. Debe la bati, lenye kujaa galoni 4, kadiri ya lita 18, lilikuja na mafuta ya taa, na jina lake tumelipata kutoka Bara Hindi. Mafuta yakiisha debe lilichotewa maji na kupimiwa mahindi, na likiwa tupu lilikuwa ngoma ya bure. Leo mpiga debe wa kituo cha mabasi hagusi debe. Hupiga ubavu wa gari kwa kiganja, au hapigi kitu chochote ila huita tu kwa sauti. Kadhalika mgombea wa uchaguzi hupigiwa debe na watu ambao pengine hawajapata kulishika la bati maishani mwao. Debe limekwenda zake, kelele imebaki, na jina limebaki pamoja na kelele. Tukumbuke mfano huu, maana ndivyo ilivyokuwa kwa ngao ya Waingereza.

Lakini iko tofauti moja kati ya mpiga debe na mpiga ngao, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mkanganyo wote. Kiswahili huweka alama ya mtu mlangoni. Ile "m" ya mwanzo hutuambia, kabla hatujaingia ndani, kwamba anayetajwa ni mtu. Kiingereza katika neno hili hakikuweka alama yoyote. Kilishika kitenzi kitupu, kikakiambatisha na jina la kitu, basi. Ni kana kwamba sisi tungemwita mtu "Piga-ngao", kama amri aliyopewa akaitii maisha yake yote.

Maneno ya namna hii yapo mengine katika Kiingereza, ingawa si mengi, na yafaa yatazamwe pamoja kwa sababu yana tabia moja. "Cutpurse" ni kata-mfuko, mwizi wa zamani, wakati mifuko ya fedha ilipokuwa ikining'inia kwenye mshipi kwa kamba. "Turncoat" ni geuza-koti, yule ahamaye upande wa vita au wa siasa. "Spoilsport" ni haribu-mchezo. "Killjoy" ni ua-furaha. "Lickspittle" ni ramba-mate, jina la mtu ajipendekezaye kwa wakubwa mpaka aibu imwishe. Msomaji ataona kwamba karibu wote ni watu wabaya. Umbo hili la maneno lilipendwa mitaani na vilabuni, mahali ambapo watu hutungiana majina bila ya kuulizana, na mtu mwema hakuhitaji kutungiwa. Wataalamu wengi huona kuwa kielelezo chake kilitoka Ufaransa, baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Kwa hakika neno moja tulijualo sana Kenya lilitoka huko likiwa na umbo hilo hilo: kafyu. Kwa Kifaransa cha kale lilikuwa funika-moto, yaani amri ya kufunika mioto ya nyumba usiku. Wazee wetu walilijua katika miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, na vijana walilijua mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Wote hao walizima taa zao au hawakuzizima. Maana ya moto ilikuwa imekwisha sahauliwa.

Si kila neno la ukoo huu ni la ubaya. "Breakfast" ni vunja-mfungo, chakula cha asubuhi, nasi twasema kifungua kinywa kwa fikira ile ile. Hata kifungua mimba na kitindamimba, mtoto wa kwanza na wa mwisho, wamejengwa kwa kitenzi na jina, na hata yule mdudu kivunja jungu. Ila hapa tena Kiswahili kimeweka "ki" mlangoni, na mgeni hapotei.

Majina ya watu ya Kiingereza nayo yamo katika mkumbo huo. Mwingereza wa pekee aliyepata kuwa Papa wa Roma, aliyetawala kutoka 1154 hadi 1159 kwa jina la Hadrian IV, aliitwa Nicholas Breakspear, yaani vunja-mkuki. Na mwandishi ambaye kila mwanafunzi wa sekondari amemsikia ana jina la tikisa-mkuki: Shakespeare. Mwaka 1592 kilitoka kijitabu chenye jina la mwandishi Robert Greene, na ndani yake Shakespeare alidhihakiwa kwa kuitwa "Shake-scene", tikisa-jukwaa. Mzaha huo ulieleweka mara moja kwa sababu masikio ya watu wa London yalikuwa yamezoea kulikata jina kama hilo mahali pake. Waliosikia tikisa-mkuki hawakushindwa kusikia piga-ngao. Tikisa-mkuki na piga-ngao, kwa kweli, wangeweza kuwa majina ya mapacha.

Wapiga ngao wenyewe walikuwa nani? Tangu mwaka 1285 serikali ya Mfalme Edward I ilipiga marufuku shule za kufundisha upanga na ngao ndogo katika mji wa London, kwa kuwa zilivuta wahuni. Marufuku haikuumaliza mchezo. Katika karne ya 16 vijana na watumishi wa mabwana walikuwa wakitembea na upanga kiunoni na ngao imetundikwa juu ya mpini wake, hivyo kwamba hata kutembea tu kulikuwa na mlio. Thomas Fuller, ambaye kitabu chake juu ya watu mashuhuri wa Uingereza kilichapishwa mwaka 1662, baada ya kufa kwake, ataja uwanja wa Smithfield, nje ya kuta za London, kuwa ndipo walipokutana kujaribiana, na alieleza jina la wapiga ngao kwa kishindo hicho cha ngao. Atuarifu pia kwamba hofu ilikuwa nyingi kuliko majeraha, na majeraha kuliko vifo; tena ilikuwa fedheha kumpiga mtu chini ya goti. Ulikuwa ugomvi wenye adabu zake, na bila shaka wenye watazamaji wengi.

Kisha, katika nusu ya pili ya karne hiyo ya 16, ukaja kutoka bara la Ulaya upanga mwembamba mrefu wa kuchomea. Mwalimu mmoja wa panga, George Silver, aliandika kitabu mwaka 1599 kuutetea upanga mfupi wa kwao dhidi ya huo wa Waitalia. Hoja zake zilikuwa na nguvu, lakini mtindo haushindwi kwa hoja. Mabwana walichukua upanga mwembamba, na upanga na ngao vikaachiwa watumishi na wagomvi wa mitaani. Katika sehemu ya kwanza ya mchezo wa Shakespeare juu ya Mfalme Henry IV, Hotspur amdharau mrithi wa ufalme kwa kumtaja pamoja na upanga na ngao, naye akusudia kusema kwamba yule mwana wa mfalme ni mtu wa vilabuni. Msomaji wa leo hudhani amesifiwa kuwa askari. Basi hapo twaona hasara ya kwanza ya kutoijua ngao hii.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ugomvi wa upanga mwembamba ulikuwa wa kimya, na uliua zaidi. Ncha ikiingia haitoi mlio. Kelele za Smithfield zilipotulia, watu hawakuwa salama zaidi. Pengine ndiyo sababu vizazi vya baadaye viliweza kuwakumbuka wapiga ngao kwa upole fulani, kama vile mtu amkumbukavyo mbwa aliyekuwa akibweka sana.

Ngao ikatoweka, na pamoja nayo likatoweka sikio la kulisikia neno. Mtu wa karne ya 19 hakuwa na "buckler" nyumbani wala mtaani. Alipolitazama neno hakuona ngao, aliona mkia tu, na mkia ule ulifanana na mikia ya wakulima na walimu. Kwa hiyo akaukata, akapata kitenzi kipya. Waingereza wana desturi hiyo: kutoka kwa "burglar", mvunja nyumba, wamepata "burgle", na kutoka kwa "editor", mhariri, wamepata "edit". Tusiwacheke. Waarabu walitupa "kitab", ambamo "ki" si kiambishi cha namna yoyote, ni sehemu ya mzizi. Sisi tukaiona kuwa ni ile ya kiti na kisu, tukasema kitabu, vitabu. Mwarabu akisikia "vitabu" huona tumelikata neno lake shingo. Nasi kwenye barabara zetu tuna kipilefti, mzunguko wa magari uliotokana na maneno ya Kiingereza ya kumwamuru dereva ashike kushoto, na vikiwa viwili twaviita vipilefti. Makosa ya namna hiyo yakikubaliwa na watu wote hayawi makosa tena, huwa sarufi. Nisemalo ni kwamba "swashbuckle" imekwisha kuwa Kiingereza halali, lakini uhalali wake haubadili nasaba yake.

Kugeuka kwa maana kulikwenda pamoja na kugeuka kwa umbo. Mwaka 1844 Alexandre Dumas, Mfaransa ambaye bibi yake mzaa baba alikuwa mwanamke mweusi mtumwa wa Haiti, alitoa hadithi ya walinzi watatu wa mfalme, na Ulaya nzima ikapenda mapanga ya zamani. Karne ya 20 ikaleta hadithi za Rafael Sabatini, kama ile ya Captain Blood ya mwaka 1922, kisha Marekani ikazipiga picha. Douglas Fairbanks aliruka na upanga katika filamu ya Zorro mwaka 1920, na Errol Flynn akamwigiza Captain Blood mwaka 1935. Filamu hizo zilipotafutiwa jina la pamoja, likaokotwa neno letu. Mtu wa filamu hizo ni mpole kwa wanyonge, ni mwepesi wa ulimi, na upanga wake wafika kwenye mwili wa adui. Mkono wake wa kushoto, mara nyingi, ni mtupu, au umeshika kamba ya tanga. Kwa hiyo mpiga ngao aliyepewa sifa zote ni yule asiye na ngao na asiyepiga kelele za bure. Katika jina lake lote hakuna hata herufi moja inayomfaa.

Nionavyo mimi, neno limepoteza zaidi ya lilivyopata. Mashujaa wana majina mengi katika kila lugha, na Kiingereza hakikuwa na upungufu wa majina ya kuwasifu. Lakini jina la mtu ambaye ushujaa wake wote umo katika mlio wa chuma chake mwenyewe ni jina adimu, nalo liliachwa lipotee kwa ajili ya filamu.

Atakayelihisi pengo hili zaidi ni mfasiri. Katika mchezo wa Henry V, mtoto mtumishi awatazama mabwana wake watatu, Bardolph, Nym na Pistol, na kuwaita kwa jina lililotoka katika "swash" hiyo hiyo. Kisha aeleza mmoja mmoja jinsi walivyo wakali wa maneno na waoga wa vita. Katika mchezo wa As You Like It, Rosalind, akivaa mavazi ya kiume, asema atajifanya mtu wa kishindo kwa nje, kama wafanyavyo waoga wengi wa kiume. Mfasiri anayeujua mlio wa ngao hatapata taabu: atasema watambaji, au wenye majitapo, au akiwa jasiri atasema wapiga ngao na kuacha maneno yanayofuata yaeleze. Mfasiri aliyejifunza neno kwa Errol Flynn ataandika mashujaa, na mtoto yule mwenye akili kuliko wote jukwaani ataonekana mpumbavu, awasifuye watu watatu na papo hapo kuwaumbua.

Lakini hata "wapiga ngao" haliwezi kutumiwa kila mahali. Kwa Kiswahili ngao ni ulinzi, na mtu akiitwa ngao ya watu wake amesifiwa. Msomaji wetu akisikia kuwa fulani apiga ngao, huenda akadhani anaupiga ulinzi wa wengine, au anacheza ngoma. Ningependelea, katika hadithi ya vilabu na mitaa ya London ya kale, aitwe mpiga debe wa upanga. Wazee wa lugha huenda wakanung'unika kwamba debe halikuwako London mwaka 1560. Ni kweli, halikuwako. Ila kijana wa Mombasa au wa Kisumu ataelewa mara moja kwamba huyu mtu hana safari. Anaita abiria tu.